Kiganja, Vidole, Laudi au Dirishani: Ushike Vipi Simu Pale Mtandao Unapokuwa Mdogo Unguja na Pemba

Ukipita Darajani asubuhi utawaona watu wameshika simu kwa namna zote. Mmoja ameibana baina ya sikio na bega, mikono yake imejaa mifuko. Wa pili ameiweka laudi, ameilaza mbele ya mdomo kama kipande cha mkate wa kumimina. Wa tatu ana waya masikioni na simu yenyewe imo mfukoni. Hapo mjini wote watatu wanasikilizana vyema na wenzao kwa sababu minara iko karibu. Wapeleke watu hao hao Makangale, au chumba cha ndani kabisa katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, au ngalawani nje ya Kojani, na hapo tofauti itajitokeza. Mmoja atazungumza mpaka vocha imwishie, mwengine atabaki "haloo, haloo, wanisikia?"

Ulinganisho huu nawaandikia wanaoishi au kufanya kazi pale ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Kwao namna ya kushika simu ndiyo inayoamua kama habari ya mgonjwa itafika usiku huu au mpaka asubuhi. Na kabla mtu hajatoa pesa kununua simu mpya au kubadilisha laini, ni haki yake ajue kwamba kuna hasara anayoweza kuiondoa kwa kusogeza vidole tu.

Mkono unafanya nini

Simu inapokea mawimbi ya mnara na inarusha ya kwake kurudi huko. Antena ya simu za leo haionekani. Zamani ilikuwa kijiti cha kuvuta. Nokia 3210 ya mwaka 1999 ni miongoni mwa simu zilizowazoesha watu antena iliyofichwa ndani, upande wa juu nyuma. Katika simu janja nyingi za sasa antena kuu imeshushwa chini, karibu na tundu la chaji. Sababu kubwa ni kuiweka mbali na kichwa, kwani nchi nyingi zimeweka kiwango cha juu cha nguvu za mawimbi zinazoruhusiwa kuingia mwilini. Kwa kichwa ni jambo jema, lakini chini huko ndipo kiganja na kidole cha mwisho vinapopenda kukaa.

Mkono unaiathiri antena kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumeza mawimbi: mwili umejaa maji yenye chumvichumvi, na sehemu ya mawimbi yanayopita humo hugeuka joto dogo mno na kupotea. Ya pili ni kuivuruga antena yenyewe. Antena imetengenezwa iitikie masafa maalumu. Kidole kikiisogelea au kikiigusa, masafa yake yanahama kidogo, na yale ambayo mnara unayarusha hayapokelewi tena sawasawa. Hii ya pili ndiyo inayowashangaza watu, maana kidole kimoja kilichokaa pabaya kinaweza kuleta hasara kuliko kiganja kizima kilichokaa mahali pasipo na antena.

Dunia nzima ililisikia jambo hili mwaka 2010. Apple ilitoa iPhone 4 tarehe 24 Juni, na ukingo wa chuma unaoizunguka simu ile ndio uliokuwa antena. Kulikuwa na mwanya mdogo upande wa kushoto chini, na mtu akiufunika kwa kiganja mtandao ulianguka mbele ya macho yake. Tarehe 16 Julai Steve Jobs aliitisha mkutano na waandishi, akaonyesha kwamba simu za kampuni nyengine nazo hupoteza mtandao zikibanwa, kisha akatangaza kwamba wenye simu hiyo watapewa kava bila malipo. Kava la mpira liliutenga mkono na chuma. Wiki mbili kabla ya hapo kampuni ilikuwa imekiri jambo jengine ambalo kwangu mimi ndilo la kukumbukwa zaidi: hesabu iliyokuwa ikitumika kuchora vijiti vya mtandao kwenye kioo ilikuwa na makosa, ikionyesha vijiti vingi kuliko nguvu halisi ya mawimbi.

Kwa hiyo vijiti usivitegemee sana. Kila kampuni ina kipimo chake, na vijiti vitatu vya simu yako huenda ni viwili kwa simu ya jirani yako hapo hapo mlipokaa.

Soma namba, acha vijiti

Ndani ya simu kuna namba ya kweli. Kwenye Android fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta hali ya laini, na utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, mara zote ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Mpangilio wa menyu unatofautiana kidogo baina ya simu na simu. Mwenye iPhone abonyeze *3001#12345#* kisha apige. Utafunguka ukurasa wa vipimo.

Kwa kuwa namba ni ya kutoa, iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. –70 ni mtandao wa kujivunia. –90 unazungumza bila shida. Ukiingia –105 kwa 2G, simu inaanza kukwaruza na kukatika. Kwa 4G namba husomeka chini zaidi kwa sababu kipimo chake ni chengine, na simu inaweza kuendelea kufanya kazi hata ikisoma –110. Kwa hiyo linganisha 2G kwa 2G na 4G kwa 4G, usichanganye.

Hesabu ya dBm ina tabia yake. Kushuka kwa 3 ni kupoteza nusu ya nguvu. Kushuka kwa 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi. Kushuka kwa 20 ni kubakiwa na sehemu moja ya mia. Mkono uliokaa vibaya unaweza kuchukua 3, unaweza kuchukua 10, na kwa simu nyengine zaidi ya hapo. Aliye Michenzani ana –70. Mkono ukimchukulia 10 anabaki na –80 na wala hajui kama kuna kilichopotea. Aliye bondeni Pemba ana –100 ya 2G. 10 hiyo hiyo inamfikisha –110 na simu inakatika. Hasara ni moja, lakini mmoja ana akiba na mwengine hana. Ndiyo maana ushauri wa kushika simu lazima uulize kwanza: uko wapi?

Jaribu mwenyewe jioni ukiwa umetulia. Ilaze simu juu ya meza ya mbao karibu na dirisha, fungua ukurasa wa namba, kaa nayo mbali kidogo uisome. Namba itachezacheza juu chini hata bila ya kuguswa, kwa hiyo itazame muda kidogo upate wastani wake. Kisha ifunike sehemu ya chini kwa kiganja, uitazame tena. Halafu funika ya juu. Halafu ishike pembeni kwa ncha za vidole. Utaijua simu yako inachukia wapi, na hilo hakuna fundi atakayekwambia vizuri kuliko namba hiyo.

Namna nne za kushika

Kiganja chote, simu imebanwa sikioni. Hii ndiyo tuliyoizoea sote na ndiyo mbaya kuliko zote pale mtandao unapokuwa mdogo. Mkono unachukua sehemu yake, kichwa nacho kinachukua yake. Faida yake ni siri: anayekaa karibu nawe hasikii upande wa pili. Ukiwa mjini huna haja ya kuiacha. Ila angalia mkono upi. Mwaka 2016 Profesa Gert Frølund Pedersen wa Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, alizipima simu zilizokuwa sokoni zikiwa zimeshikwa kwa mkono wa kulia na wa kushoto kando ya kichwa cha sanamu. Tofauti baina ya simu na simu zilikuwa kubwa, na simu hiyo hiyo iliweza kuwa nzuri mkono mmoja na dhaifu mkono wa pili. Kwa hiyo sauti ikikwaruza, hamisha sikio kabla hujakata.

Ncha za vidole, katikati ya simu, chini pawe wazi. Kwa anayetaka siri na mtandao kwa pamoja, hii ndiyo ninayoipendekeza mwanzo. Unaishika simu kwenye mbavu zake, kidole gumba upande mmoja na viwili vitatu upande wa pili, kiganja hakiigusi mgongo, kidole cha mwisho hakiishiki kitako. Kichwa bado kinachukua sehemu yake lakini mkono umepunguza. Ubaya wake ni kuchoka; mazungumzo ya nusu saa na ndugu aliyeko Muscat hayaendi kwa ncha za vidole. Na kwenye boda, au ngazi za meli Malindi, simu itakuponyoka. Usifanye hivyo juu ya maji.

Laudi, mbali na mwili. Ukiiondoa simu kichwani na kuiweka juu ya kitu, umeondoa hasara zote mbili kwa mpigo mmoja. Ukiishika mkononi ikiwa laudi umeondoa ya kichwa tu, na wengi wanajidanganya hapo: wanaiweka laudi lakini wameifumbata chini kwa nguvu zote ili waisogeze mdomoni. Ilaze juu ya kiti, juu ya ukuta wa baraza, juu ya kizingiti, zungumza nayo ikiwa hapo. Gharama yake ni kwamba mtaa mzima unajua shida yako. Kwa habari za harusi hakuna neno. Kwa habari za deni, au za maradhi ya mtu, si adabu kwa aliye upande wa pili ambaye hajui kuwa anasikilizwa. Mwambie kwanza: "Shikamoo mjomba, nimekuweka laudi, tuko na watu hapa."

Waya au blututhi, simu dirishani. Kwa maoni yangu hii inazishinda zote kwa anayekaa pahala pamoja: mwenye duka, fundi cherehani, mwanafunzi, mgonjwa kitandani. Simu inabaki pale mtandao ulipo, wewe unakaa pale ulipo, na siri yako unabaki nayo. Waya wa kawaida unakufunga karibu na dirisha. Blututhi inakuachia nafasi ya mita kadhaa, hadi kumi hivi pakiwa wazi, lakini ukuta mnene wa mawe unaipunguza, na nayo inataka kuchajiwa. Tena wapo wanaoamini kwamba waya wenyewe ndio unaoleta mtandao. Waya ni antena ya redio ya FM, ndiyo maana simu nyingi hukataa kufungua redio bila ya waya. Kwenye mazungumzo ya simu haukamati mawimbi yoyote. Kinachokusaidia ni kule kuiacha simu ikae pake bila ya kuguswa.

Kama waya huna na mkono umeshachoka, laudi juu ya kizingiti. Kama kuna watu, ncha za vidole. Kiganja chote iwe pale tu namba inaposoma –90 au iliyo karibu zaidi na sifuri.

Mahali kwa mahali

Mji Mkongwe mtu anaweza kuuona mnara kwa macho na simu bado ikakataa chumbani. Sababu ni kuta. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika nusu mita na zaidi. Mawimbi yanayoingia chumba cha tatu kutoka barazani yameshapita kuta mbili au tatu. Humo kushika vizuri peke yake hakutoshi. Ua wa ndani ulio wazi juu, roshani, na juu darini ndipo pa kupigia. Mwenye chumba chenye dirisha la njiani aiweke simu hapo na kutumia waya. Na masafa nayo yana hesabu yake: mawimbi ya 900 MHz, ambayo urefu wake ni kama sentimita 33, hupenya kuta vizuri kuliko ya 1800 au 2100. Basi ukiwa chumba cha ndani na simu inahangaika baina ya 4G na 3G huku mazungumzo yakikatika, ingia Mipangilio, mtandao wa simu, aina ya mtandao, uchague 2G kwa muda. Intaneti itakuwa nzito sana, lakini mara nyingi sauti itatulia.

Pemba shida ni ardhi yenyewe. Kisiwa ni vilima na mabonde, tofauti na Unguja ambayo sehemu kubwa yake imelala, na mnara ulio juu ya kilima cha pili hauoni aliye bondeni. Ongeza mikarafuu na miembe iliyofungamana, na majani mabichi yaliyolowa masika, ambayo humeza mawimbi zaidi kuliko yakiwa makavu. Hapa kupanda hatua chache kunaweza kukupa zaidi kuliko kubadili mshiko, lakini afadhali ufanye yote mawili.

Kijiji kimoja upande wa Konde niliona kimfuko cha kitambaa cha kanga kimetundikwa kwenye nondo ya dirisha, simu imo ndani, kioo kimeelekea chumbani. Bibi mwenye simu alikuwa amekaa juu ya mkeka chini ya dirisha, anazungumza na mwanawe.

"Mwanangu, sauti yako yakatika."

"Mama, hebu itoe kwenye chuma, itundike ubaoni."

Akainuka, akakihamisha kile kimfuko kutoka kwenye nondo, akakitundika kwenye msumari wa fremu ya mbao, kiasi cha shibiri moja tu. Mazungumzo yakaendelea mpaka adhana ya magharibi. Kijana yule alikuwa na haki: antena ikigusana au kukaribiana na chuma huvurugika masafa yake, sawa na inavyovurugwa na kidole, na pengine zaidi. Dirisha ni pazuri, nondo ni pabaya. Iache simu mbali kidogo na chuma chochote, liwe geti, friji, au ukuta wa bati. Kitambaa cha kanga hakina neno. Kikiwa kikavu mawimbi hupita kama hakipo.

Nyumba ya makuti na nyumba ya bati nazo zinatofautiana, ingawa si kwa kiasi ambacho watu wanasema. Mawimbi ya mnara mara nyingi huja kwa ubavu, si kutoka juu, kwa hiyo paa la bati peke yake halikufungii kila kitu. Kinachokufungia ni bati pamoja na kuta za matofali na dirisha lililoelekea upande usio na mnara. Fungua mlango ulioelekea mnara, simama karibu nao, soma namba.

Baharini mambo yanageuka. Maji hayana ukuta wala mkarafuu, mawimbi huenda mbali, na tatizo linakuwa upeo wa macho. Mnara wa mita 50 unaweza kuonana na simu iliyo mita moja juu ya maji kwa umbali wa kilomita 30 na kitu. Baada ya hapo mviringo wa dunia unaingia kati. Teknolojia ya 2G nayo ina mpaka wake: mnara wa kawaida haumhudumii aliye zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanamfikia, kwa sababu muda wa safari yao unazidi nafasi iliyotengwa. Basi mvuvi aliye ukingoni asikae chini ya ngalawa na simu amefumbata. Asimame ikiwa bahari imetulia, simu aiinue, aishike kwa vidole katikati, aweke laudi. Wengi huifunga simu kwenye mfuko wa nailoni kuikinga na maji ya chumvi, nao wanafanya sawa: nailoni haizuii mawimbi hata kidogo. Ila afute maji ya bahari juu ya mfuko na juu ya mkono kabla ya kupiga. Na salamu za kawaida aziache mpaka arudi pwani, kwa sababu iliyopo aya inayofuata.

Simu inapohisi kwamba mnara hauisikii vizuri, inapaza sauti, yaani inaongeza nguvu ya mawimbi inayoyarusha. Kwa 2G ya 900 MHz inaweza kufika wati 2, ambayo ndiyo nguvu yake ya mwisho. Ikiwa karibu na mnara hutumia sehemu ndogo sana ya hiyo. Kwa hiyo mkono uliofunika antena haukati mazungumzo tu, unakula na chaji, na ile simu inayopata joto kwenye shavu mara nyingi ni simu inayopiga kelele ili isikike. Kwa aliye ngalawani usiku, au shamba ambako umeme hakuna, chaji hiyo ndiyo ya dharura.

Kitochi au simu janja?

Swali hili linaulizwa kila siku, na watu wa shamba wana jibu lao tayari: kitochi kinashika mtandao, simu ya kupangusa inasumbua. Kuna ukweli ndani yake, lakini sababu si ile inayotajwa. Kitochi ni kidogo, vitufe vyake vinakulazimisha kukishika kwa namna moja, plastiki yake haizuii mawimbi, na kinakaa kwenye 2G bila ya kuhangaika kutafuta 4G. Simu janja ina antena zaidi ya moja, kuu na ya kusaidia, mara nyingi moja chini na nyengine juu, na kwa upande wa intaneti hilo linaipa uwezo ambao kitochi hakiufikii. Ukiiweka kwenye 2G na ukaishika vizuri, tofauti yake na kitochi kwa mazungumzo hupungua sana.

Kuna hali moja ambayo simu janja inajifunga yenyewe: ukiilaza ubavu kutazama mpira au kucheza gemu, mikono miwili inafunika ncha zote mbili kwa pamoja, antena ya juu na ya chini. Video inaganda, kisha mtu anailaumu bando. Iegemeze simu kwenye kitu, uitazame bila ya kuishika.

Uamuzi wangu: kama kazi yako ni kupiga na kupokea, na kutuma pesa kwa menyu za nyota na reli, chukua kitochi halali. Kama unahitaji WhatsApp, masomo au biashara ya mtandaoni, chukua simu janja, lakini usiinunue kabla hujaijaribu pale pale unapoishi. Muombe jamaa mwenye aina hiyo aje nayo nyumbani, itieni laini yako, msome namba.

Nimesema halali kwa makusudi. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia nchi nzima, na watu wengi visiwani walijikuta na simu zisizofanya kazi. Bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho wa simu, na uilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Simu bandia inaweza kuwa na kioo kizuri na kamera nzuri kwa macho, lakini antena haionekani dukani, na ndipo mtengenezaji asiyejali anapopunguza gharama.

Kava na vikorokoro

Kava la silikoni au plastiki halina madhara ya kuhesabika, tena linaweza kusaidia kwa kuuweka mkono mbali kidogo na antena. Kava la chuma, na lile lenye bamba la sumaku la kubandikia kwenye gari, liondoe kama unakaa penye mtandao mdogo. Vile vistika vya dhahabu vinavyouzwa kwamba vinaongeza mtandao havifanyi kitu. Usipoteze hela yako.

Kwa intaneti

Hapa lipo chaguo moja ambalo naliona halitumiki vya kutosha. Mwanafunzi wa skuli anayetaka kusoma usiku, simu yake ikishika 4G dirishani tu, hana haja ya kusimama dirishani. Simu moja iwekwe pale penye namba nzuri, iwashwe hotspoti, na kazi ifanywe kwa simu ya pili au kompyuta iliyoko mezani. Ile ya dirishani haiguswi na mtu. Itakula chaji zaidi, kwa hiyo iache kwenye chaja, na uiwekee neno la siri, la sivyo bando litaisha na hukuona lilikokwenda. Nyumba yenye simu mbili tayari ina kila kinachohitajika.

Na ukishatoka nje, ukasimama uwanjani pasipo na mti wala ukuta, simu imelala juu ya ukuta wa baraza bila ya kuguswa, na namba bado inasoma –110 kwa 2G, mkono hauna kosa, wala simu. Jaribu kwanza laini ya mtandao mwengine kwenye simu hiyo hiyo, maana mnara wa kampuni moja unaweza kuwa karibu kuliko wa nyengine. Ikiwa zote ni hivyo, andikeni namba hizo kwa mahali na kwa saa, watu wa mtaa kwa pamoja, mzipeleke kwa kampuni inayowahudumia na sheha aarifiwe. Mkikaa bila ya jibu, TCRA ina ofisi Zanzibar inayopokea malalamiko ya wateja. Karatasi yenye namba za dBm za nyumba kadhaa ina uzito ambao maneno ya "huku kwetu mtandao hakuna" hayana.